Nimetia milioni 19 kwenye Peugeot ya marehemu baba, naambiwa inafika 8

*Mama Spea, aliyeuza vipuri vya magari Gerezani, Dar es Salaam, kwa miaka mingi, anajibu maswali ya wasomaji kuhusu magari na pesa zinazokwenda nayo.*

Shikamoo Mama Spea,

Mimi ni msomaji wako wa Tanga, nina duka la dawa Ngamiani. Marehemu baba aliacha Peugeot 504 steshenwageni ya mwaka 1979, ile yenye safu tatu za viti. Aliinunua kwa karani wa shamba la mkonge, na ndiyo iliyotupeleka shule sisi sote. Alipofariki ilikuwa juu ya matofali chini ya mwembe, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Nikaona siwezi kuiacha ioze.

Fundi aliniambia milioni sita zitatosha. Mpaka leo daftari langu linasema hivi: bodi na rangi 6,800,000, injini 5,200,000 (slivu, pistoni, ringi, kusawazisha silinda hedi, kabureta), umeme na kiyoyozi 3,100,000, viti vya ngozi 2,400,000, rimu za aloi na matairi 1,900,000. Jumla 19,400,000. Sehemu ya pesa hizo ni mkopo wa SACCOS. Bado nadaiwa 5,000,000 kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi. Kwangu hakuna nafasi, kwa hiyo gari linalala kwa jirani mwenye uzio, namlipa 30,000 kila mwezi.

Mke wangu hataki tena kulisikia jina la gari hili. Nimeamua kuuza. Dalali wa hapa Tanga anatoa 6,500,000 taslimu. Bwana mmoja wa Mombasa kasema kwa simu 7,500,000 taslimu, akija kuliona. Mwenye kukodisha magari ya harusi Arusha kafika 8,000,000, ila anataka kutanguliza 3,000,000 na zilizobaki alipe kwa miezi kumi. Fundi ananiambia nisiwe na haraka: niongeze milioni tatu tu, tushushe gia boksi (gia ya pili inakwaruza) na tutengeneze dashibodi iliyopasuka, gari litakwenda 25,000,000. Na kweli, kwenye intaneti nimeona 504 Ufaransa zinauzwa bei ambazo kwa shilingi zetu zinapita hapo mbali sana.

Niongeze? Nisubiri? Kadi bado ina jina la baba. Mama yu hai, na nina dada wawili.

*M., Tanga*

Marahaba, mwanangu. Pole na msiba, na pole na daftari.

Fundi wako usimpe hiyo milioni tatu. Alikadiria sita, mkafika kumi na tisa na ushee. Aliyekosea matengenezo kwa zaidi ya mara tatu leo ndiye anayekukadiria bei ya kuuzia? Yeye anaishi kwa kufungua magari, hauzi. Mwambie kwa upole kabisa: "Fundi, wewe umeona milioni 25 humu, basi lichukue kwa 12, faida yote yako." Kisha mwangalie usoni.

Na hiyo gia boksi naijua. Shafti ya 504, ile inayopeleka nguvu ya injini matairi ya nyuma, haikai wazi kama ya Toyota. Imo ndani ya bomba lililofungwa kutoka kwenye difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, mpaka nyuma ya gia boksi. Ili ushushe gia boksi inabidi ekseli nzima ya nyuma ifunguliwe isogezwe, na steshenwageni yako ina springi nne huko nyuma, mbili kila upande. Wakishafungua huko watakuta bushi zimekufa, mpira wa breki umechoka, sili ya difu inavuja, na kila kimoja kitakuwa "kidogo tu, mzee, maadamu tumeshafungua." Tatu hiyo itazaa tano. Mnunuzi anayezijua gari hizi hatashtuka kwa gia ya pili kukwaruza. Atakata laki tatu, nne, na maisha yataendelea. Kukatwa laki nne ni nafuu kuliko kutoa milioni tatu.

Sasa Ufaransa. Bei zilizokutoa macho nina hakika ni za kupe na kabriole, zile za milango miwili ambazo Pininfarina wa Italia walizitengeneza bodi zake wenyewe. Hizo ni ukoo mwingine, ingawa zinaitwa 504. Ya kwako ni gari la familia na mizigo, la usukani wa kulia, lipo Tanga. Mfaransa anayetaka steshenwageni anayo kijiji cha pili, na usukani uko upande anaoutaka. Funga huo ukurasa.

Bei ya gari lako umeshaambiwa. Watu watatu wasiojuana wametaja kati ya 6,500,000 na 8,000,000. Hakuna kati yao aliyeuliza umetumia ngapi, na hawatauliza. Milioni 19 zimeshakwenda. Kilichobaki ni kuuliza kila shilingi unayotoa kuanzia leo italeta nini. Hebu tulipitie daftari, maana humo ndani kuna vitu vya kuuza na kuna vitu vya kusamehe.

Injini inakusaidia. Injini ya 504 slivu zake, yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni za kuchomoa: unatoa nne za zamani, unaingiza nne mpya, bloku haichongwi. Ukiwa na risiti ya slivu na pistoni, na slivu za zamani umeziweka kwenye boksi uzionyeshe, mnunuzi anayejua atakuamini bila kiapo. Lakini silinda hedi yake ni ya aluminiamu, na ikishawahi kuchemka hujipinda. Kwa hiyo kabla mtu hajaja, washa gari asubuhi likiwa baridi, liache lipate moto kwenye foleni ya kweli, si nje ya duka. Kesho yake fungua kifuniko cha oili, uangalie kwa ndani. Ukikuta utelezi wa rangi ya chai ya maziwa, maji yanaingia kwenye oili, na hapo rudi kwa fundi kwa kazi yake ile ile uliyoilipia, bila senti ya ziada.

Bodi ndiyo iliyokula nyingi, na ndiyo itakayoamua bei yako, kwa sababu Tanga ni pwani na kila mnunuzi analijua hilo. Atakuja na sumaku. Mimi nimewaona wanavyofanya: anaifunga kwenye kitambaa laini isikwaruze rangi, anapapasa chini ya milango, juu ya matairi ya nyuma, kisha anafungua boneti na kupapasa pale springi za mbele zinapoegemea. Penye chuma sumaku inashika. Penye pati, ule udongo wa kuzibia bodi, inaanguka mkononi, naye hasemi neno, anaondoa laki mbili kimoyomoyo na kusogea mbele. Fanya hivyo wewe kwanza, leo. Kama fundi alikata kutu na kuchomelea bati jipya, na ulipiga picha kabla ya rangi, picha hizo zitakuongezea bei kuliko rangi yenyewe. Kama alijaza pati tu, ujue mapema na ushushe matarajio.

Kiyoyozi: kama kinapoza, kitaje mara moja tu. Kama hakipozi, usikitaje, na akiuliza sema ukweli. Viti vya ngozi samehe. Wa harusi atavipenda kidogo, mpenda magari ya kale atauliza vile vya awali vilikwenda wapi, na wewe utajibu viliharibiwa na kuku.

Rimu ndizo zilizonikera. Rimu za chuma za awali ziko wapi? Vikombe vyake vya katikati je? Kama fundi hajaviuza chuma chakavu, vifuate leo hii. Zirudishe kwenye gari, hata na matairi ya kawaida, kisha hizo za aloi na matairi yake uza peke yake kwa vijana wa mjini. Hapo utaokoa pesa ambayo ndani ya gari isingeonekana kabisa. Nimekaa dukani nikiona watu wananunua rimu kwa milioni na kuuza gari bila kupata hata laki moja ya hizo rimu. Mnunuzi hana kipimo cha rimu kichwani. Ana bei ya gari zima.

Kabla hujamjibu mtu yeyote, tuje kwenye jambo ulilolitaja mwishoni kana kwamba ni dogo. Gari hilo si lako. Kwa kadi ni la marehemu, kwa hiyo ni mali ya mirathi, na mama yako na dada zako wana sehemu yao. Ukimkabidhi mtu leo kwa kadi yenye jina la baba utakuwa umeuza usichokimiliki, naye hataweza kubadilisha jina TRA. Ukoo ukae kikao, mwandike muhtasari, mpendekeze msimamizi wa mirathi, muupeleke Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Mahakama ikishamteua na kumpa barua ya usimamizi, huyo ndiye atakayesaini mauzo. Inachukua muda wake, kwa hiyo anza wiki hii.

Siku ya kikao nenda na daftari na risiti. Omba familia ikubali kwamba bei ikipatikana gharama zako zinatazamwa kwanza kabla ya kugawana, na makubaliano hayo yaandikwe kwenye muhtasari, yasibaki mdomoni. Usidai 19 zote; gari lenyewe halifiki hapo. Dai injini na bodi, vilivyolitoa kwenye matofali. Dada zako wana haki kabisa ya kukwambia hawakukutuma viti vya ngozi. Na mke wako awepo, au angalau asikie kilichoamuliwa kutoka kwako na si kwa wifi yake.

Sasa hao watatu.

Dalali wa 6,500,000 anataka cha juu, na pengine atalipeleka kwa huyo huyo wa Arusha. Muweke akiba. Usimtukane, kwa maana taslimu ni taslimu.

Wa Mombasa ananitia wasiwasi. Kenya waliendelea kuziunganisha 504 mpaka miaka ya 2000, muda mrefu baada ya Ufaransa kuacha sedani yake mwaka 1983, kwa hiyo kwao zimejaa na vipuri vyake pia. Kwa nini avuke Horohoro kufuata kilichopo mtaani kwake? Isitoshe Kenya ina sheria kwamba gari lililotumika linaloingizwa lisizidi miaka 8 tangu litengenezwe, na lako lina zaidi ya 40. Inawezekana ana makazi Tanga, inawezekana analitaka kwa vipuri, inawezekana alikuwa anapiga soga tu. Muulize moja kwa moja. Akiwa mkweli, pesa iingie benki kwanza, jina libadilike huku huku Tanzania, na habari za mpakani ziwe zake mwenyewe.

Wa Arusha ndiye mnunuzi wako, lakini si kwa masharti yake. Anataka kutoa 3,000,000 na kukulipa mali kauli miezi kumi, huku gari linapiga harusi kila Jumamosi, na wewe unaendelea kulipa SACCOS riba. Riba ya 5,000,000 kwa asilimia 1.5 ni 75,000 kwa mwezi, na uzio wa jirani 30,000. Hiyo ni 105,000 kila mwezi gari likiwa limesimama tu. Ukisubiri miezi sita ili upate bei nzuri zaidi, umeshatoa 630,000, na gari limeanza kupata kutu upya kwa upepo wa bahari.

Kwa hiyo mwambie hivi: bei 7,800,000 badala ya 8,000,000, lakini atangulize 5,000,000. Hiyo familia ikubali iende SACCOS moja kwa moja, deni lizimike. Baki ya 2,800,000 ailipe kwa miezi mitatu. Mkataba uandikwe kwa wakili, bima iwe kwa jina lake tangu siku anapolichukua, na kadi ibaki kwa msimamizi wa mirathi mpaka shilingi ya mwisho. Laki mbili unazompunguzia zinalipwa na riba ambayo hutailipa tena. Akikataa kutanguliza tano, ujue hizo tano hana, na mwenye kukosa tano leo hatakuwa na nane baada ya miezi kumi. Hapo ndipo utakapomkumbuka dalali.

Kuna watakaokushauri usiuze, ulikodishe harusi wewe mwenyewe. Una duka la dawa. Nani atakuwa dereva, nani atalisukuma likizima mbele ya bibi harusi? Hapana.

Tangazo usimwachie fundi aliandike. Mimi ningeandika hivi:

*"Peugeot 504 steshenwageni, 1979, viti safu tatu, petroli. Injini imefunguliwa na kufungwa upya: slivu, pistoni na ringi mpya, risiti zipo, slivu za zamani zipo uzione. Bodi imechomelewa chini ya milango, picha za kabla ya rangi zipo. Gia ya pili inakwaruza. Dashibodi ina ufa. Rimu za chuma za awali. Gari ni la mirathi, barua ya msimamizi ipo. Lipo Tanga. 8,800,000, tutazungumza na atakayekuja kuliendesha."*

Yale ya bodi na rimu andika tu kama sumaku na stoo ya fundi vimekubali. Kasoro mbili umezitaja mwenyewe, kwa hiyo atakayekuja hana cha kukushtukizia. Picha piga asubuhi, moja kwa chini ukiwa umelala, moja ya injini bila kuimwagia mafuta ya taa ing'ae. Injini iliyooshwa jana humfanya mtu aulize inavuja wapi.

Na tafadhali usiandike "gari la Safari Rally." Najua utashawishika. Kweli 504 ilishinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, lakini ile ilikuwa sedani. Ya Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978 ilikuwa kupe ya V6. Kabla ya hapo Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa kwetu, alishinda 1966 na 1967, na gari lake lilikuwa 404. Wanaozinunua gari hizi wanayajua haya kama Simba na Yanga wanavyojua magoli yao, na ukianza na uongo huo hawataamini hata risiti za slivu.

Habari za leo Mama Spea,

Mume wangu ana Land Rover Series III ya petroli, imechoka injini. Anataka kuifunga injini ya dizeli ya Toyota halafu auze. Mnada wa ofisi moja una injini nzuri. Je, bei itapanda au tutakula hasara kama ninaowasoma humu?

*Mama N., Iringa*

Njema, mama. Inategemea mnunuzi wenu ni nani, na hilo mlijue kabla injini haijatoka mnadani. Mkulima wa Kilolo anayetaka kubeba viazi atalipenda lenye dizeli ya Toyota, kwa sababu fundi wake wa kijijini anaijua na spea zipo kila kona. Lakini huyo halipi bei ya gari la kale. Anakulinganishia na pikapu iliyotumika. Mpenzi wa Land Rover anataka ile ile ya lita 2.25 iliyotoka nayo kiwandani, na akifungua boneti akakuta ya Toyota anafunga na kuaga vizuri.

Kuna gharama ambayo wanaume huisahau kwenye hesabu hii: injini ikiingia, inafuata kazi ya kuunganisha na gia boksi, mauntini za kuchomelea, rejeta, bomba la moshi. Na namba ya injini ipo kwenye kadi. Isipolingana na iliyoko ndani, siku ya kubadilisha jina mtarudishwa, kwa hiyo hati za mnada zitunzwe na kadi irekebishwe kabla ya kutangaza.

Mimi ningewaambia muiuze kama ilivyo, inaunguruma kwa shida, kwa mtu anayetaka kuifanya mwenyewe. Mumeo akikataa kabisa, sharti langu ni moja: injini ya awali isiende kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Ifungwe turubai, iende pamoja na gari.